Anayekuomba Majina, Muulize Kwanza



Mama mmoja wa Base Camp aliniletea simu yake. Alikuwa ametumiwa linki kwa WhatsApp: jaza hapa, familia yako ipelekwe Kanada. Iliomba majina ya watoto wote, picha ya karatasi ya familia, halafu aitume kwa watu kumi. Alikuwa ameshajaza nusu. Nikamuuliza: mama, anayeomba ni nani? Hakujua.

Sikumcheka. Mimi nikiwa sekondari, kwenye duka la kompyuta mjini Mbarara, niliupa ukurasa mmoja neno la siri la barua pepe yangu, eti unitafutie marafiki. Wote niliowahi kuwaandikia walipata ujumbe kwa jina langu, hata mtu wa kule nyumbani ambaye sikutaka ajue niko wapi.

Ndugu zangu, ukijibu hujibu peke yako. Mwaka 2018 ilijulikana kwamba programu moja ya maswali ndani ya Facebook ilitumiwa na watu kama 270,000 tu. Lakini ilichota na habari za marafiki zao, na Facebook yenyewe ilisema huenda walioguswa wamefika milioni 87. Habari hizo zilifika kwa kampuni ya siasa ya Uingereza, Cambridge Analytica. Wale marafiki hakuna aliyewauliza.

Kuomba vizuri kunawezekana. Mwaka 2010 Refugees United walianza hapa Uganda kusaidia wakimbizi kutafutana kwa simu. Mtu aliweza kujiandikisha bila jina lake kamili. Aliweka jina la utani, au kovu, kitu ambacho ndugu yake angekitambua. Kilichotosha kupatana, basi.

Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu nayo inataka hivyo. Kwa hiyo, kabla ya kujaza, uliza:

1. Wewe ni nani, na ofisi yako iko wapi?
2. Unataka habari hizi za kazi gani?
3. Je, hii yote ni ya lazima? Anayetafuta namba ya simu hahitaji kujua kabila.
4. Nani mwingine ataziona?
5. Ni habari za mtoto? Basi mzazi au mlezi akubali kwanza.

Neno la siri usimpe mtu. Na huduma za UNHCR ni bure, kwa hiyo anayekudai pesa ili usafiri ni mwizi.

Vijana mnaoandika orodha za vikundi, maswali haya ni yetu pia. Mimi darasani nilikuwa nauliza kila mtoto ametoka kijiji gani. Siku moja mtoto akanyamaza, akainama. Nikajiuliza, kijiji chake kinanisaidia nini kumfundisha hesabu? Nimefuta swali hilo.

Mama yule naye alifuta linki. Majina ya watoto wake hayajatoka nyumbani.

Mwalimu wa kujitolea, Nakivale