Lishe ya Mbwa Jike Mwenye Mimba na Anayenyonyesha ni Sehemu ya Usalama wa Kijiji

Ndugu wananchi mnaoishi mipakani, kuanzia Malaba na Busia hadi Mutukula, Katuna, Bunagana na Mpondwe, katika toleo hili tunazungumzia chakula cha mbwa jike wakati wa mimba na wakati wa kunyonyesha. Huenda msomaji akajiuliza Polisi wanahusika vipi na bakuli la mbwa. Jibu lipo katika vitabu vya malalamiko vya vituo vyetu. Mtoto ameumwa njiani akienda shule. Kuku wa jirani wameliwa. Watoto wa mbwa wametupwa nyuma ya soko, nao sasa wamekuwa kundi linalowatisha wapita njia alfajiri. Ukifuatilia chanzo cha mambo hayo, mara nyingi utamkuta mbwa jike aliyezaa akiwa na njaa katika boma lenye mwenyewe.

Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Mbwa anayenyonyesha watoto sita bila chakula cha kutosha hawezi kukaa nyumbani. Atakwenda jalalani, machinjioni na mahali malori yanapopanga foleni. Huko atakutana na mbwa asiowajua, na akirudi atamrukia yeyote anayekaribia watoto wake. Mbwa hajui kizuizi cha mpaka wala hati ya kusafiria. Ugonjwa alioupata upande mmoja jioni hulala upande wa pili usiku huohuo. Tena mbwa mwenye njaa ni mlinzi dhaifu, kwa maana mwizi humnyamazisha kwa kipande cha nyama, na pengine nyama hiyo ina sumu.

Majuma matano ya mwanzo

Mimba ya mbwa huchukua takriban siku 63, yaani majuma tisa. Katika majuma matano ya mwanzo watoto tumboni bado ni wadogo sana, hivyo mama hahitaji chakula kingi kuliko kawaida. Kumshibisha kupita kiasi wakati huu humnenepesha, na mbwa mnene hupata shida wakati wa kuzaa. Linalotakiwa ni chakula bora. Posho peke yake ni wanga. Hujaza tumbo lakini haijengi mwili wa mtoto. Kwa kila vikombe viwili vya unga wa mahindi, ongeza kikombe kimoja cha dagaa waliooshwa mchanga na chumvi, kisha wakapikwa. Pasipo na dagaa, vichwa vya samaki vilivyochemshwa na kusagwa, damu iliyopikwa, mayai ya kuchemsha au maharage yaliyoiva vizuri vitasaidia.

Ili kujua kama chakula kinatosha, pitisha kiganja ubavuni mwa mbwa. Mbavu ziguswe kwa urahisi, lakini zisihesabike kwa macho mtu akiwa mbali.

Majuma manne ya mwisho

Kuanzia juma la sita tumbo huonekana wazi na chuchu huanza kujaa. Sasa watoto wanakua kwa kasi. Ongeza chakula kidogo kidogo kila juma, hata mbwa aliyezoea kula bakuli mbili kwa siku afikie bakuli tatu anapokaribia kuzaa. Usimpe zote kwa mara moja. Tumbo la uzazi lililojaa hulibana tumbo la chakula, kwa hiyo mgawie mara tatu au nne kwa siku.

Siku moja kabla ya kuzaa mbwa wengi hukataa chakula. Hilo ni jambo la kawaida. Mwandalie mahali pakavu, penye kivuli na pasipo na kelele, na maji safi karibu naye. Akijikamua kwa nguvu kwa muda mrefu pasipo mtoto kutoka, mwite daktari wa mifugo mara moja.

Wakati wa kunyonyesha

Hapa ndipo wafugaji wengi hukosea. Hudhani kwamba akishazaa kazi imekwisha, na chakula hurudishwa kuwa kile cha zamani. Ukweli ni kinyume chake. Kunyonyesha humchosha mbwa kuliko mimba yenyewe, na kilele chake huwa juma la tatu na la nne baada ya kuzaa. Kwa yule mbwa wa bakuli mbili, kipimo hiki kitafaa:

- Juma la kwanza: bakuli tatu kwa siku.
- Juma la pili: bakuli nne.
- Juma la tatu na la nne: bakuli nne hadi sita, kulingana na idadi ya watoto.
- Kuanzia juma la tano: punguza polepole kadiri watoto wanavyojifunza kula.

Maji yasikosekane hata saa moja. Sehemu kubwa ya maziwa ni maji, na mama asiyekunywa hukaukiwa hata akila nyama kila siku. Kwa wenzetu wa maeneo makavu, ambako maji hubebwa kwa madumu kutoka mbali, twaomba mbwa anayenyonyesha atengewe fungu lake. Asipopata nyumbani, atayafuata kwenye kisima cha watu.

Watoto waanze kuonjeshwa uji laini wenye dagaa waliosagwa wakifikisha majuma matatu au manne. Wasitenganishwe na mama kabla ya majuma manane. Mtoto anayeondolewa mapema huwa dhaifu, na hukosa mafunzo ya mama yake ya kutouma ovyo. Vilevile, asivushwe mpaka ndani ya kikapu kwa siri. Mbwa anayevuka mpaka huhitaji cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali na uthibitisho wa chanjo ya kichaa cha mbwa.

Vitu vya kuepukwa

Usimpe vidonge vya kalsiamu wakati wa mimba pasipo ushauri wa daktari. Mwili uliozoeshwa kupokea madini hayo kutoka nje hulegea katika kuyatoa kwenye mifupa pale maziwa yanapoyahitaji. Dagaa mzima na mfupa wake humtosha. Mbwa anayenyonyesha akianza kuhema ovyo, kutetemeka, kutembea kwa miguu iliyokakamaa au kuanguka kwa degedege, amepungukiwa na kalsiamu katika damu. Huyo hasubiri kesho. Mtenge na watoto wake na umfikishe kwa daktari saa hiyohiyo. Tahadhari moja: kutetemeka, kubadilika tabia na kuanguka huweza pia kuwa dalili za kichaa cha mbwa, hivyo usimtie mkono mdomoni, na mweleze daktari kama amewahi kuchanjwa.

Usimpe mahindi yenye ukungu. Wapo wanaosema kwamba unga uliooza haufai kwa watu lakini unafaa kwa mbwa. Sumu ya ukungu huharibu ini la mbwa na huweza kumwua. Mwepushe pia na machicha ya pombe, vitunguu, na mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa kuwa mifupa hiyo huvunjika vipande vyenye ncha na kutoboa matumbo.

Zaidi ya yote, usimtupie ini, mapafu au matumbo mabichi ya mnyama aliyechinjwa. Humo huweza kuwamo vifuko vya maji vyenye mbegu za minyoo ya tegu. Mbwa akivila hupata minyoo hiyo, kisha mayai yake hutoka na kinyesi, hushika manyoya, mikono na maji, na mtu akiyameza huota uvimbe wenye maji katika ini au mapafu. Wafugaji wa Karamoja na jirani zao wa Turkana wameufahamu ugonjwa huu kwa muda mrefu. Chemsha nyama za ndani mpaka ziive, au zichome na kuzifukia.

Minyoo na chanjo

Chakula kizuri katika tumbo lenye minyoo ni kazi bure. Minyoo ya mviringo huwafikia watoto wakiwa bado tumboni na kupitia maziwa, ndiyo maana watoto hupewa dawa wakiwa na majuma mawili na kurudiwa kila baada ya majuma mawili hadi waachapo kunyonya. Mwulize afisa mifugo kipimo, na umkumbushe kwamba mama ananyonyesha.

Chanjo ya kichaa cha mbwa haina mbadala. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Mtu akiumwa, osheni jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo, kisha toeni taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji na kituo cha polisi. Msimuue mbwa na kumzika kimyakimya, kwani wataalamu huhitaji kumwangalia au kumpima.

Wito wetu

Mwenye mbwa ndiye anayeitwa kujibu pale mbwa wake anapodhuru mtu au mali. Kama huwezi kulisha mama na watoto wake, zungumza na afisa mifugo kuhusu kumfunga uzazi kabla hajashika mimba nyingine, na watoto wagawie majirani wanaokubali kuwalea na kuwachanja. Kuwatupa sokoni ni kumhamishia mwenzako hatari. Na kwa kuwa mwenzako huenda yuko upande wa pili wa mpaka, mkutane, mkubaliane siku za chanjo, na mpashane habari mbwa asiyefahamika anapoonekana. Milango ya vituo vyetu iko wazi kupokea taarifa hizo, na atakayezileta atasikilizwa.