Kufundisha Uigaji wa Mtikisiko Mkali wa Ardhi

Katika somo la matetemeko ya ardhi, aghalabu mwanafunzi hukariri ukubwa wa tetemeko na kudhani kwamba miji iliyo mbali sawa na ufa hutikiswa sawasawa. Maelezo matupu hayaiondoi dhana hiyo. Makala haya yanaeleza zoezi linalomwezesha mwanafunzi kulijenga tetemeko mwenyewe kwa karatasi.

Msingi wa zoezi. Ufa haupasuki wote kwa mara moja. Mpasuko huanzia mahali pamoja, kisha husafiri. Hivyo tetemeko kubwa laweza kuchukuliwa kuwa jumla ya madogo yanayofuatana. Mwaka 1978 Stephen Hartzell alieleza jinsi rekodi za matetemeko madogo yanayofuata lile kuu zinavyoweza kujumlishwa ili kuiga mtikisiko wake. Darasani, vipande vya karatasi vitashika nafasi ya rekodi hizo.

Hatua ya kwanza. Mwalimu achore ubaoni ufa wa kilomita 30, wenye sehemu 10 zilizo sawa. Mpasuko uanzie upande wa mji A na kuelekea mji B, kila mji ukiwa mbali sawa na ncha ya ufa iliyo karibu nao. Mpasuko usafiri kilomita 2.5 kwa sekunde, na mawimbi kilomita 3 kwa sekunde. Wanafunzi wakokotoe. Kila sehemu hupasuka sekunde 1.2 baada ya iliyotangulia. Kuelekea B, safari ya kila wimbi hupungua kwa sekunde 1. Basi mawimbi hufika yakiachana kwa sekunde 0.2 tu. Kuelekea A, safari huongezeka kwa sekunde 1. Basi huachana kwa sekunde 2.2.

Hatua ya pili. Wanafunzi wakate vipande 10 kwa kila mji, kila kimoja miraba 10 kwa urefu na mraba 1 kwa kimo. Mraba mmoja wa urefu uwe sekunde 0.2. Kwa B, kila kipande kianze mraba 1 mbele ya kilichotangulia. Kwa A, miraba 11. Kisha wahesabu vipande vilivyopo katika kila safu wima. Kwa B, kimo hufikia 10 na mtikisiko huisha kwa sekunde 3.8. Kwa A, kimo hakizidi 1, lakini mtikisiko huchukua sekunde 21.8. Karatasi iliyotumika ni ileile.

Hapo mwalimu ataje tetemeko la Landers, California, la tarehe 28 Juni 1992, lenye ukubwa wa 7.3. Mpasuko ulielekea kaskazini. Kituo cha Lucerne, kilichokuwa mbele yake, kilipata pigo kubwa la muda mfupi. Joshua Tree, nyuma yake, kilipata mtikisiko wa muda mrefu zaidi.

Tahadhari. Mawimbi halisi hupanda na kushuka, na mengine hufutana. Aidha, umbali huyadhoofisha na udongo laini huweza kuyakuza. Wataalamu huyaingiza hayo yote katika kompyuta, kwa kuwa rekodi za karibu na mipasuko mikubwa ni chache.

Somo hili si geni kwetu. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu na kubomoa majengo ya shule. Mjenzi anayejua ukubwa tu, asijue ardhi itakavyotikisika, hajajua la kutosha kumlinda mtoto aliye darasani.