Gurudumu la Tano

Ashukaye na viazi na kabeji kutoka milima ya Masereka kwenda Butembo wakati wa mvua ajua jinsi matope yanavyolishika tumbo la motokaa. Ndiyo sababu wenye motokaa kuukuu hutamani kuzifunga magurudumu makubwa zaidi. Tamaa hiyo si mbaya, lakini na tupige hesabu kwanza.

Gurudumu la kimo cha sentimita 65 likibadilishwa kwa la sentimita 70, motokaa huinuka sentimita 2½ tu. Tena kipimo kikionyesha mwendo wa kilomita 60 kwa saa, mwendo wa kweli ni karibu 65. Breki hushika kwa nguvu pungufu, na injini hutaabika mlimani. Fundi naye azungushe usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, motokaa ikiwa na mzigo, aone kama mpira haugusi madigadi.

Na gurudumu la akiba je? Wengi hununua makubwa manne, wakaliacha la tano dogo. Siku ya pancha, dogo likifungwa nyuma hulazimika kuzunguka upesi kuliko mwenzake. Difu hupata moto, na motokaa huyumba mteremkoni. La tano na liwe sawa na manne.

Mwisho, magurudumu makubwa hayaongezi nguvu ya springi. Mama aketiye juu ya magunia, mtoto mgongoni, amemkabidhi dereva roho mbili. Gunia lililobaki litapakiwa kesho; roho ikipotea hairudi.