Supape, valvu na neno "kubwa"

Mwanafunzi wa Lubumbashi akisikia "valvu" hufikiria kwanza ubao wa matangazo, pale matokeo ya mitihani yanapobandikwa. Maana hiyo tuliipata katika Kifaransa cha Wabelgiji. Kwa mziba tairi, valvu ni kipande kinachopitisha upepo wa gurudumu. Fundi wa Ndola, ng'ambo ya mpaka, anayefuata Kiingereza, anaweza kulitumia neno hilohilo kwa kitu ambacho sisi, tukifuata Kifaransa, tunakiita supape: mlango wa chuma ndani ya injini.

Sakania iko katikati ya maana hizo. Reli kutoka kusini ilifika hapo mwaka 1909, na mwaka 1910 ikaingia Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Mji wa mpakani hupokea vipuri pamoja na majina yake, na sehemu moja ya injini huitwa kulasi upande mmja na hedi upande mwingine. Hata hivyo, majina mawili ya kitu kimoja si hatari kubwa, maana kitu chenyewe kinaonyeshwa kwa kidole. Neno linaloweza kuharibu injini ni la Kiswahili kabisa, nalo ni "kubwa".

Mteja husema: "Gari halina nguvu, uniwekee supape kubwa." Ombi lina msingi. Nguvu ya injini hutegemea kiasi cha hewa inachovuta, na hewa hiyo hupita kwenye supape. Lakini ukubwa upi?

Tuchukue supape ya kuingiza hewa yenye kichwa cha milimita 36, tuibadilishe kwa ya milimita 39. Eneo la kichwa linaongezeka kwa asilimia 17 hivi. Mteja atafurahi. Ila hewa haipiti katikati ya kichwa. Inapita pembeni, kwenye nafasi inayoachwa supape inapoinuka kutoka kwenye kiti chake. Nafasi hiyo ni mzingo wa kichwa mara kimo cha kuinuka. Kimo kikibaki kilekile, tuseme milimita 8, nafasi inaongezeka kwa asilimia 8 tu. Kwa hiyo "kubwa" linaficha vipimo viwili tofauti: upana wa kichwa na kimo cha kuinuka. Kimo hakibadilishwi na supape, kinaamuliwa na mhimili wa kamu.

Tena kichwa kipana kinadai kazi nyingine. Kiti lazima kichongwe upya, kwa kawaida kwa pembe tatu: uso wa kufungia nyuzi 45, juu yake 30, chini yake 60. Njia ya hewa nyuma ya kiti nayo ipanuliwe, la sivyo tumeweka mlango mpana kwenye ukumbi mwembamba. Fundi akichonga kupita kiasi anatoboa hadi kwenye njia ya maji, na kulasi imekufa. Apime pia nafasi kati ya supape mbili, nafasi ya ukuta wa silinda, na umbali wa supape na pistoni. Supape ikigonga pistoni, injini nzima iko mashakani. Supape nzito zaidi huhitaji springi yenye nguvu zaidi, isije ikachelewa kufunga injini inapokwenda kasi.

Kuna na tumaini la uongo. Sakania iko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani. Supape pana hairudishi hewa ambayo anga haina. Kinachoweza kuisukuma ni turbo. Faida ya supape pana huonekana zaidi injini inapozunguka kasi. Inapozunguka polepole, hewa hupita taratibu katika njia iliyopanuliwa, na mvuto unaweza hata kupungua. Lori lenye mzigo, linalopanda kilima polepole, halihitaji hivyo.

Sisi wa lugha huwa tunadhani kazi ya istilahi ni kufukuza maneno ya kigeni. Supape haina kosa lolote: ina silabi zinazoishia kwa irabu, wingi wake unaeleweka, na wanagenzi wanaitamka bila shida. Pengo liko kwenye kivumishi. Mwanagenzi asiyesoma Kifaransa wala Kiingereza anastahili kuambiwa, kwa Kiswahili, kipenyo cha kichwa, kipenyo cha shina, urefu wote, pembe ya uso na kimo cha kuinuka. Maneno hayo matano tunayo tayari. Anayeagiza supape kutoka Ndola au Lubumbashi akiyaandika kwenye karatasi, kila moja na milimita au nyuzi zake, muuzaji hatahitaji kujua kama mwenzake anaiita supape au valvu.