Kimya cha Mtoto Aliye Baharia: Kwa Wazazi Wenye Watoto katika Mafunzo ya Nyuklia ya Jeshi la Majini la Marekani



Familia nyingi za kwetu zina ndugu waliohamia Marekani miaka mingi iliyopita. Watoto waliozaliwa huko, au waliokwenda wakiwa wadogo na baadaye wakapata uraia, sasa ni vijana, na baadhi yao wamejiunga na jeshi la majini la nchi hiyo. Wachache kati ya hao, kwa kuwa walifaulu vizuri katika hisabati na sayansi, wamechaguliwa kusomea uendeshaji wa vinu vya nyuklia, kazi ambayo hupewa raia wa Marekani peke yao. Wazazi wa vijana hawa, na pia bibi na babu waliobaki huku nyumbani, wanauliza: mtoto anafanya nini hasa huko, na mbona hapokei simu? Lipo pia swali la tatu, ambalo kwa kawaida huulizwa kwa sauti ya chini baada ya Misa: je, kazi hii inampendeza Mungu? Tumeona vema kuyajibu yote matatu, kwa kuwa mzazi asiyeelewa jambo hujaza mwenyewe pengo la asichokijua, na mara nyingi hulijaza kwa hofu.

Tuanze na kazi yenyewe. Kinu cha nyuklia ndani ya manowari si bomu. Ni chanzo cha joto, na joto hilo hugeuza maji kuwa mvuke, mvuke huzungusha mitambo, na mitambo huisukuma manowari na kuipatia umeme. Nyambizi ya kwanza duniani kwenda kwa nguvu hiyo, iitwayo USS Nautilus, ilianza safari yake Januari 1955. Leo nyambizi zote za Marekani, pamoja na manowari zake kubwa za kubeba ndege, huendeshwa hivyo. Kijana anayesomea fani hii anasomea kukiangalia kinu, mabomba yake, umeme wake na vifaa vyake vya kupimia. Wazazi wengi huogopa mionzi, na hofu hiyo si ya kudharauliwa. Hata hivyo, kila baharia wa kazi hii huvaa kifaa kinachopima mionzi inayomfikia, na kumbukumbu zake hutunzwa. Jeshi hilo linaeleza kwamba mabaharia wa nyambizi, wanapokuwa chini ya maji mengi yanayowakinga na mionzi itokayo angani, kwa kawaida hupokea mionzi kidogo kuliko ile ambayo wangeipata wakiishi nchi kavu.

Safari ya mafunzo huanzia Great Lakes, kaskazini ya Chicago, kwenye kambi ambapo kila askari mpya wa jeshi la majini hupitia. Huko hukaa takriban miezi miwili, hana simu mkononi isipokuwa kwa nafasi chache anazopewa, na barua ya karatasi ndiyo njia ya uhakika ya kumfikia. Baada ya hapo huhamishiwa Goose Creek, karibu na mji wa Charleston katika South Carolina. Kwanza husoma msingi wa ufundi wake kwa miezi mitatu hadi sita, ama wa mitambo, ama wa umeme, ama wa elektroniki. Kisha huingia katika shule ya nguvu za nyuklia kwa miezi sita mingine: hisabati, fizikia ya nyuklia, kemia, sayansi ya metali, mwendo wa joto na wa maji, kinga dhidi ya mionzi. Mwisho huja miezi sita ya mafunzo kwenye kinu halisi, ama hapo hapo Charleston ndani ya nyambizi za zamani zilizofungwa gatini na kugeuzwa madarasa, ama Ballston Spa katika New York. Ukijumlisha na siku za kusubiri kati ya hatua moja na nyingine, unapata mwaka mmoja na nusu au zaidi.

Hapa ndipo tunapopata jibu la lile swali la simu. Masomo haya ni siri ya serikali. Madaftari hayatoki katika jengo, na simu haziingii. Mwanafunzi aliye nyuma kimasomo hupangiwa saa za ziada za kujisomea, na kwa kuwa hawezi kubeba daftari kwenda nalo chumbani, lazima azikamilishe akiwa ndani ya jengo hilo hilo, usiku au Jumamosi. Katika miezi ile ya mwisho ya kinu, kazi hufanyika kwa zamu za saa nyingi zinazobadilika, wiki moja mchana, nyingine jioni, nyingine usiku wa manane. Sasa mzazi aliye Dar es Salaam au Mombasa ahesabu mwenyewe: saa 2 usiku ya Charleston ni saa 9 au saa 10 ya usiku huku kwetu, kutegemea majira yao. Mtoto anapotoka darasani akiwa na nusu saa ya kula na kuzungumza, mama amelala. Mama anapoamka na kupiga, mtoto amelala au yuko kazini. Kimya hicho kimetengenezwa na ratiba wala hakitoki moyoni mwa mtoto.

Mwinjili Luka anatusimulia habari ya Maria na Yosefu waliomtafuta Mtoto Yesu kwa siku tatu. Tunaposoma sura ile ya pili kwa kawaida tunatazama hekalu. Wazazi wa mabaharia wangefaidika pia kwa kutazama walipoanzia kumtafuta: kati ya jamaa na watu waliofahamiana nao. Nao walimkuta ameketi kati ya walimu, akisikiliza na kuuliza maswali, na alipowajibu hawakumwelewa. Mzazi mtakatifu kuliko wote alipata uchungu wa kutomwelewa mwanawe aliyekuwa masomoni. Hatuoni aibu yoyote kwa mzazi wa leo kuupata uchungu huo huo.

Kuhusu namna ya kumfikia kijana, tunashauri jambo ambalo huenda lisiwapendeze wengine: punguzeni maswali. Ujumbe wa simu usemao «mbona hujibu, umetusahau?» humkuta mtoto akitoka kwenye mtihani, na humwongezea mzigo. Ujumbe usemao kwamba leo tumekuombea, mbuzi amezaa, na huna haja ya kujibu, humpa nguvu. Zamani, kabla ya barua pepe, familia za mabaharia wa nyambizi ziliruhusiwa kutuma salamu fupi zisizozidi maneno 40 hivi, na baharia hakuweza kujibu. Wake na wazazi walijifunza kubana upendo wote ndani ya maneno hayo machache. Ufundi huo unafaa hata leo tulipo na vifurushi vya intaneti. Na sauti iliyorekodiwa, ambayo ataisikiliza apatapo nafasi, ni bora kuliko simu kumi ambazo hazikupokelewa. Bibi akimsalimia kwa lugha ya nyumbani kwa dakika moja tu, amefanya utume.

Zaidi ya hayo, wazazi wanahitajiana. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: jirani ambaye mtoto wake anasoma chuo cha kawaida hawezi kuelewa kwa nini unalia kwa sababu ya kijana aliye salama, analishwa na kulipwa mshahara. Mzazi aliyepitia njia hiyo hiyo anaelewa bila kuelezwa. Ndiyo maana tunaona ni jambo jema wazazi hawa kuunda kundi dogo la simu, walio Texas au Minnesota pamoja na walio Arusha au Nairobi, na kukutana mtandaoni mara moja kwa juma. Sisi tuliolelewa katika Jumuiya Ndogondogo za Kikristo tunajua namna ya kufanya hivyo: Neno la Mungu, maombi, habari za kila nyumba, na kuamua nani anahitaji msaada juma hili. Mzazi ambaye mwanawe amekwisha kupelekwa kwenye manowari amtulize yule ambaye wa kwake bado yuko Great Lakes na hajaleta hata barua.

Kundi kama hilo lina nidhamu yake. Lisiwe mahali pa kulinganisha alama. Lisitaje tarehe za manowari kuondoka wala kurudi, wala mahali ilipo, hata kama mtoto alidokeza, kwa kuwa jambo hilo linagusa usalama wa mamia ya watu. Na ajitokezapo mtu asiyefahamika akidai kwamba ni ofisa wa jeshi na kwamba fedha zinatakiwa haraka ili kijana apewe likizo au matibabu, jibu ni moja: jeshi haliwatozi wazazi.

Tunalazimika kusema wazi kuhusu kufeli. Katika shule ile alama ya juu ni 4.0 na ya kufaulu ni 2.5, na wapo vijana wenye akili nyingi wasioifikia. Anayeshindwa kwa kawaida hafukuzwi jeshini. Hupangiwa kazi nyingine kulingana na mahitaji ya jeshi, na hutumikia kwa heshima ile ile. Lakini kwetu sisi mara nyingi mtoto amekwisha kutangazwa. Imetolewa Misa ya shukrani, ukoo wote umeambiwa kwamba amekuwa mhandisi wa nyuklia, na kumbe kijana yuko peke yake chumbani akijiuliza atawaambiaje. Wapo watakaosema kwamba matumaini ya ukoo humtia kijana bidii. Huenda, lakini pia yanaweza kumfungia mlango wa kurudi. Mzazi amwambie mapema, kabla ya mtihani wa kwanza, kwamba nyumba yake haina alama ya kufaulu.

Shinikizo la masomo, ukosefu wa usingizi na upweke vikikutana, vinaweza kumfikisha kijana mahali pabaya. Akianza kusema kwamba yeye ni mzigo, au kwamba ingekuwa afadhali asingekuwepo, asijibiwe kwa kuhubiriwa. Aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua. Akiwa Marekani anaweza kupiga namba 988 kisha akabonyeza 1, wakati wowote. Sheria iliyopitishwa huko mwaka 2021 inamruhusu kumwomba mkubwa wake ampeleke kwa wataalamu wa afya ya akili bila kulazimika kueleza sababu. Na yupo kapelani. Katika jeshi hilo la majini, mazungumzo ya siri na kapelani hayawezi kufichuliwa bila idhini ya mhusika, hata kwa kamanda. Kapelani anaweza asiwe Mkatoliki, maana mapadre wa Jimbo Kuu la Kijeshi la Marekani ni wachache kuliko mahitaji. Siri yake ni ile ile. Kwa sakramenti, kijana aliye Goose Creek anaweza pia kwenda parokia za kawaida za Jimbo Katoliki la Charleston, ambalo limeenea South Carolina yote.

Linabaki swali la dhamiri. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati ya Gaudium et Spes, unawatambua wanajeshi wanaotimiza wajibu wao kwa haki kuwa ni wahudumu wa usalama na uhuru wa mataifa. Hati hiyo hiyo inataka sheria ziwajali kwa utu wale ambao dhamiri zao zinakataa kubeba silaha. Kwa hiyo, kijana anayeendesha kinu hatendi dhambi kwa kukiendesha. Hata hivyo tusijifiche nyuma ya tofauti kati ya kinu na bomu, kwa kuwa baadhi ya nyambizi zinazosukumwa na vinu hivyo hubeba makombora ya nyuklia, na Hayati Papa Francisko, akiwa Hiroshima Novemba 2019, alifundisha kwamba hata kuzimiliki silaha hizo ni kinyume cha maadili. Sheria za Marekani zinampa nafasi ya kuomba kuachiliwa mwanajeshi ambaye dhamiri yake imefikia kukataa vita vyote. Hazimruhusu kuchagua vita anavyovitaka. Kijana akiuliza swali hili, mzazi asilizime kwa sababu ya mshahara au fedha ya kujiunga. Ni dalili kwamba katekisimu aliyofundishwa haikupotea. Amsikilize, kisha amwelekeze kwa padre.

Mwisho, kuhusu msiba. Ikitokea kifo au ugonjwa mzito katika familia, njia ya kumfikia baharia, hata aliye chini ya bahari, ni Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani, ambalo hupokea taarifa saa 24, huzithibitisha kwa hospitali au kwa wanaohudumia mazishi, na kuzifikisha kwa kamanda wake. Kamanda ndiye anayeamua kuhusu ruhusa. Fomu zao zinajua baba, mama, ndugu, mke au mume na watoto. Hazijui baba mdogo wala mama mkubwa. Ikiwa shangazi au babu ndiye aliyemlea kijana, taarifa iseme waziwazi kwamba alishika nafasi ya mzazi. Watahitaji jina kamili la kijana, cheo chake, tarehe yake ya kuzaliwa na kikosi chake. Familia iyaandike hayo leo, iyaweke ndani ya Biblia ya nyumbani, na watu wawili angalau wajue yalipo.