Poda Nyeupe na Juisi ya Choya

Weupe wa rangi ya ukutani unatokana na poda ya titani dioksidi. Madini yake yalichimbwa Kwale, pwani ya Kenya, hadi mwisho wa 2024. Mimi nafundisha fizikia, na tukifika kwenye umeme wa jua naanza na poda hii. Paneli wanafunzi wameshaziona juu ya mapaa, hawashangai tena.

Swali lao huwa moja: kitu cheupe hurudisha mwanga, kitazalishaje umeme? Dawa ni kukitia rangi. Mwaka 1991, Brian O'Regan na Michael Grätzel wa Lausanne, Uswisi, walitangaza seli ambayo kazi zimegawanywa. Rangi hunasa mwanga na kurusha elektroni. Titani dioksidi huipokea na kuipeleka kwenye waya. Iodini huirudishia rangi elektroni iliyopotea.

Shida ni kwamba tabaka moja la molekuli za rangi ni jembamba mno, mwanga hupenya tu. Ukiirundika rangi, elektroni za juu haziifikii titani dioksidi. O'Regan na Grätzel wakatumia punje za titani dioksidi za nanomita kama 15 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), zikashikana na kuacha vitundu kila mahali. Chukua kanga na taulo za upana mmoja, uzichovye majini: taulo hunywa zaidi kwa sababu ya vinyweleo vyake. Utando wa mikromita 10 hivi, mwembamba kuliko unywele, ukawa na eneo la ndani mara mamia ya eneo la kioo chake.

Darasani tunasaga poda na siki, tunaipaka kwenye kioo kinachopitisha umeme, tunaichoma kwa nyuzi 450, kisha tunailoweka kwenye juisi ya choya, ndiyo rangi yetu. Kioo cha pili tunakichora kwa penseli, na kati ya vioo viwili tunaweka tone la iodini. Juani, multimita husoma karibu nusu volti. Taa haiwaki, mkondo ni mdogo mno.

Hata seli ya Grätzel ya 1991, yenye rangi ya rutheni, iligeuza asilimia 7 na ushei tu ya nishati ya mwanga kuwa umeme, na kimiminika chake huvuja. Paani ningeweka silikoni. Ila mwaka 2009 kundi la Tsutomu Miyasaka huko Japani liliweka fuwele ziitwazo perovskaiti mahali pa rangi, likapata asilimia 3.8, leo maabara zimevuka 25. Hiyo sijaribu darasani: ina risasi, na wanafunzi wangu huionja hata choya ya jaribio.