Uji wa mchele kwa mgonjwa wa figo: angalieni kinachoongezwa sufuriani

Mgonjwa akirudi nyumbani kutoka hospitali, ndugu huuliza kwanza, "Amekula nini?" Shangazi analeta unga wa lishe, jirani analeta maziwa, mwingine anasisitiza tui la nazi ili apate nguvu. Nia ni njema. Lakini kwa mtu ambaye figo zake zimedhoofika, kikombe hicho cha uji kinaweza kumwongezea mzigo.

Figo nzima huondoa mwilini madini yaliyozidi, yakiwamo potasiamu na fosforasi. Zikishindwa, madini hayo hubaki kwenye damu. Potasiamu ikizidi sana huvuruga mapigo ya moyo. Fosforasi ikizidi hudhoofisha mifupa na kuleta mwasho.

Hapo ndipo uji wa mchele mweupe unapofaa. Mchele uliokobolewa una madini hayo kidogo kuliko mchele usiokobolewa, ulezi, soya au karanga, na hivyo ndivyo vinavyotumika sana kwenye unga wa lishe.

Kinachoharibu mara nyingi ni nyongeza. Kikombe kimoja cha maziwa ya ng'ombe kina takribani miligramu 350 za potasiamu, na fosforasi juu yake. Tui zito la nazi na ndizi mbivu navyo vina potasiamu nyingi.

Kwa bakuli moja, osha robo kikombe cha mchele, uchemshe kwa vikombe viwili vya maji, moto mdogo, mpaka upondeke. Tia iliki, mdalasini au matone ya ndimu. Acha chumvi na magadi. Chumvi mbadala za dukani nazo ziepukwe, kwani nyingi hutengenezwa kwa potasiamu.

Yapo mambo matatu ya kukumbuka. Kwanza, uji ni maji. Mgonjwa aliyepangiwa kiasi cha maji kwa siku, bakuli lake linahesabiwa humo. Afadhali upikwe mzito. Pili, mwenye kisukari apewe kiasi kidogo, kwa sababu uji laini wa mchele hupandisha sukari haraka. Tatu, uji peke yake haujengi mwili. Anayesafishwa damu kwa mashine huhitaji protini zaidi kuliko asiyesafishwa, na ute mweupe wa yai lililochemshwa ni chanzo kizuri chenye fosforasi kidogo.

Hata hivyo, si kila mgonjwa wa figo anakatazwa vitu hivi. Wengine potasiamu yao iko sawa, na kuwanyima chakula bila sababu huwakondesha. Siku ya kliniki, anayemsindikiza aulize: potasiamu na fosforasi zikoje? Anywe maji kiasi gani? Ale protini kiasi gani? Majibu yaandikwe na kubandikwa jikoni, mpishi yeyote ayaone.

Na ule unga wa shangazi? Upokelewe kwa shukrani. Watoto watakunywa uji wake asubuhi kabla ya shule.